Sauti Chini ya Kanga

Watu wakiniuliza kwa nini mimi, mtu mzima mwenye mvi, napenda filamu za ngumi za Tailandi, huwa nawajibu kwa mkato: kwa sababu pale mtu akianguka unasikia. Wanacheka, tunabadilisha mazungumzo. Sipendi kueleza zaidi, maana maelezo yake yanaanzia Kigali mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne, na habari za Kigali ya mwaka ule huwezi kuzianza watu wakiwa na soda mikononi.

Nilifika kule juu ya lori la maharage, kutoka Karagwe kupitia Rusumo. Karagwe ndiko nilikozaliwa. Wazazi wangu walikimbilia huko mwaka wa hamsini na tisa, na sisi watoto tukalelewa kwa kuambiwa kwamba hapa si kwetu, kwetu ni ng'ambo ya mto. Shuleni wenzangu nao walinikumbusha hivyohivyo, bila upole wa mama. Kwa hiyo vita vilipokwisha na njia kufunguka, nikafunga randa, misumeno na patasi kwenye gunia, maana kazi yangu ni useremala, nikaenda kwetu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sijawahi kukanyaga kwetu hata siku moja.

Mama hakunipa mzigo, alinipa kazi. "Mdogo wangu alibaki Masaka," aliniambia, "kwenye mlima unaotazama njia ya Kabuga. Yu hai au amekufa, nataka kujua. Akiwa hai, mlete nimwone." Halafu akanishika kidevu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nianze kunyoa ndevu. "Usinirudie mikono mitupu." Mama alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja, ukilisahau shauri lako.

Kazi ya mikono sikuitafuta, ilinitafuta yenyewe. Mji ulikuwa hauna milango. Nyumba zilikuwa zimeporwa mpaka fremu, mbao zikaenda kuwa kuni, na kila aliyerudi au aliyejitokeza alitaka kwanza kitu cha kufunga usiku. Nilipata kibanda Biryogo, upande wa Nyamirambo, na chumba nyuma yake. Biryogo ni mtaa wa Waislamu, Kiswahili kinasemwa pale tangu enzi za Wajerumani, na mimi Mkristo nilikaa pale kwa sababu ya ulimi tu. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni. Niliweza kusema njoo ule, funga mlango, mbuzi wameingia kwenye maharage. Hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kumpa mtu pole ya kufiwa na nyumba nzima.

Na hiyo ndiyo pole iliyokuwa ikihitajika. Wateja walikuja kibandani, wakapima mlango kwa mikono, wakataka komeo tatu badala ya moja, wakaondoka bila neno. Nikijaribu kuongea nao naulizwa kitu kimoja tu: wewe wa wapi? Mji ulikuwa umegawanyika kwa swali hilo. Kulikuwa na watu wa Uganda, watu wa Burundi, watu wa Zaire, sisi wa Tanzania, halafu kulikuwa na waliokuwapo wakati wa mauaji. Ndivyo tulivyowaita kwa Kiswahili cha pale, waliokuwapo, na neno lenyewe lilikuwa linafunga mdomo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi sikuwapo. Kwa hiyo nilikuwa nakula maharage yangu peke yangu, na jioni naongea na mbao. Nilikuwa mpweke, niseme wazi, upweke wa kumsalimia mtu barabarani kisha ukageuka kutazama kama atageuka naye.

Siku za Jumapili nilikuwa napanda gari hadi Kabuga, nashuka Masaka kwa miguu, nauliza. Ninamtafuta mdogo wake mama, nasema, jina lake ni hili, baba yake aliitwa hivi. Watu walinisikiliza kwa adabu. Wengine walinionyesha mlima mwingine. Mzee mmoja alinishika mkono akanitembeza mpaka kwenye kiwanja chenye magugu na mti wa parachichi, akasema nyumba yao ilikuwa hapa, kisha akaniacha hapo nimesimama. Niliokota parachichi moja, likawa limeoza ndani. Jioni nilirudi mjini nimechoka na nimekasirika, na sikujua namkasirikia nani.

Jumamosi moja, nikirudi kutoka kufunga mlango wa mtu, nilisikia mpigo wa ngoma na zumari ukitoka katika nyumba ya bati. Ukutani pameandikwa kwa chaki: VIDEO, SAA NANE. Nikaingia. Haikuwa kwa hamu ya filamu, niliingia kwa sababu ndani palikuwa na watu.

Mwenye banda alikuwa mama wa makamo, mjane wa hapohapo Biryogo, mnene kidogo, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani. Tulimwita Mama Video, na hilo linatosha. Alikaa kwenye kigoda karibu na televisheni, miguu juu ya kopo la mafuta ya jenereta, akikusanya kiingilio na kuwanyamazisha watu kwa jicho. Maonyesho yalikuwa ya mchana, maana usiku kulikuwa na amri ya kutotembea. Madirisha aliyaziba kwa magunia.

Nilimuuliza kwa nini filamu zote ni za Tailandi. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini mvua ni maji. "Za Wamarekani waporaji walibeba," akasema. "Za Wahindi walibeba. Za Wachina walibeba na mkanda wa ndoa yangu walibeba. Hizi walitupa chini, walikanyaga, walienda. Nani atajua kusoma ile?" Akanionyesha jalada la kaseti. Maandishi yake yalikuwa yamejikunja kama vikono vya maboga. Marehemu mumewe alikuwa amezipata kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Dubai, akadhani ni za Kichina, akanunua sanduku zima. Alipogundua alikasirika sana, akalaani, akaziweka uvunguni. Sasa ndizo zilizokuwa zikimlisha mjane.

Hazikuwa na tafsiri hata mstari mmoja. Hakuna aliyeelewa neno. Kabla ya kuanza, Mama Video alisimama akaeleza kwa Kiswahili chake cha Kigali: "Ule mwenye kaptula nyekundu iko mzuri. Ule mwenye sharubu iko mubaya. Mzee iko mwalimu wake. Mkae." Tukakaa. Na sijawahi katika maisha yangu kupata maelezo ya filamu yaliyonitosha vile.

Ile tuliyoipenda kuliko zote ilimhusu kijana wa shamba la mpunga. Anachukuliwa na mwalimu mzee, anafundishwa kupiga kwa goti na kiwiko akiwa anapasua kuni na kubeba maji, halafu anakwenda mjini kupigana ulingoni. Basi. Lakini kabla ya kupigana! Kichwani alivaa kitu cha mviringo kama kata ya kubebea ndoo, mkononi amefunga kitambaa, zumari linalia, naye anapiga magoti katikati ya ulingo na kuinamisha paji la uso hadi chini, mara tatu. Kisha anazunguka ulingo polepole, akigusa kamba kwa mkono, kona hadi kona. Ndipo mwalimu wake anakuja, anamvua ile kata, anamnong'oneza kitu, na kengele inalia.

Biryogo nzima iliamini kijana yule anasali. Kile kitambaa cha mkononi kilikuwa hirizi, hilo halikuwa na mjadala. Kilichobishaniwa ni sijida. Mwalimu wa madrasa, aliyekuja kila Jumamosi akikaa karibu na mlango ili asionekane amekuja, alishikilia kwamba yule ni Muislamu wa huko kwao, ila hakufundishwa vizuri. "Mbona anasujudu kifua wazi?" alisema. "Na kutawadha hakutawadha." Mwingine akasema kule kuzunguka ulingo ni tawafu, anatufu kama mahujaji kwenye Kaaba, hamuoni? "Atufu ulingo?" mwalimu wa madrasa akamjibu. "Astaghfirullah, wewe nyamaza uangalie filamu." Walibishana hivyo juma baada ya juma, na nadhani hawakutaka kupata jibu. Mimi nilicheka peke yangu gizani, na siku moja jirani yangu wa benchi akacheka pamoja nami, bega lake likagusa langu. Nililala vizuri usiku ule kwa sababu ya bega.

Nimeziona za Wachina baadaye, watu wanaruka juu ya miti, sawa, burudani. Za Tailandi hazina kuruka. Mtu anapigwa kiwiko kwenye nyusi na nyusi inapasuka. Anapigwa goti la mbavu anajikunja. Lakini kwanza wote wawili wameinama, wote wawili wana mwalimu, na yupo mtu wa tatu katikati ambaye akisema basi ni basi. Na aliyeanguka anainuka. Wakimaliza wanakumbatiana, damu ya huyu kwenye bega la yule. Katika mji ule, mwaka ule, kumwona mtu akimpiga mwenzake kwa mikono mitupu, kwa ruhusa yake, kisha wote wakaenda nyumbani, kulikuwa ni kama kupewa maji. Watu walitazama hawapepesi. Isitoshe, kwa kuwa hakuna aliyeelewa lugha ile, mle ndani hakukuwa na mtu wa Uganda wala wa Tanzania. Sote tulikuwa wageni wa Tailandi.

Isipokuwa wakati wa kanga.

Karibu na mwisho wa filamu ile, usiku unaingia kwenye shamba la mpunga, mwalimu mzee amekaa nyumbani kwake akimenya tunda, na yule mwenye sharubu anakuja na wenzake. Unawaona kwa mbali na taa, wameshika mapanga. Hapo Mama Video alikuwa anainuka, anavua kanga ya mabegani, anaitupa juu ya televisheni, anarudi kukaa. Alikuwa anajua mahali penyewe hata akiwa amesinzia. Kupeleka mkanda mbele asingeweza, deki ile ukibonyeza hicho kitufe inatafuna kaseti. Na sauti asingeweza kuipunguza, kitufe chake kilikuwa kimekatika zamani. Kwa hiyo tulikaa mbele ya kanga yenye mwanga nyuma yake, maua yake yanang'aa, tukisikiliza. Miguu inakimbia. Mlango unapigwa. Mzee anasema kitu. Kelele, kisha kitu kizito kikianguka, kisha vyura wa mpunga. Halafu Mama Video anainuka anaitoa kanga, na tunamwona kijana wa kaptula nyekundu analia juu ya kaburi, na filamu inaendelea.

Hakuna aliyekohoa katika dakika zile. Mara ya kwanza sikuelewa, nikadhani labda kuna mambo ya uchi. Mara ya pili jamaa mmoja aliyetoka Uganda, mgeni kama mimi, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mama, toa nguo hiyo! Tumelipa tuone." Mtu mmoja benchi la mbele aligeuka akamtazama, basi, akamtazama tu, kisha akageukia tena kanga. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimuunge mkono, nikaufunga. Ndipo nilipoelewa kwamba nilichokuwa naita siri ya Mama Video haikuwa siri kwa mtu yeyote mle ndani ila kwetu sisi tusiokuwapo. Nilitoka mchana ule nikijiona mgeni kuliko siku niliyoshuka kwenye lori.

Juma lile nikamweleza Mama Video habari ya Masaka. Sijui kwa nini sikumweleza mapema, labda kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuambiwa hapana. Nilikuwa nimemtengenezea benchi jipya, naye amesimama anajaribu kulitikisa. Nikamtajia jina la mama mdogo na la babu. Akaacha kutikisa benchi.

"Yule iko hapa," akasema.

"Hapa wapi?"

"Hapa Biryogo. Kwa jirani yangu wa nyuma. Tangu mwezi wa ine. Alikuja na miguu kutoka kule, usiku, tulimuficha juu ya dari." Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Lakini baba, usikimbie. Yule hasemi na watu."

Nilikimbia. Nani asingekimbia? Nilikuwa nimepita mbele ya nyumba ile kila siku na mbao begani.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, na alikuwa na paji la uso la mama yangu, lilelile. Nikapiga goti. Nilitaka kumwita kwa heshima kwa Kinyarwanda, na kwa kuwa hicho changu ni cha jikoni, nikatafsiri Kiswahili neno kwa neno: mama mdogo, mama muto. Nikasema mimi ni mtoto wa dada yako aliyeko Karagwe, amenituma.

Aliendelea kuchambua mchele. Alitoa jiwe, akalitazama, akaliweka pembeni. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, alichokuwa amejifunza katika nyumba ile ya kujificha.

"Dada yangu alienda kuchota maji," akasema.

Nikamwambia sielewi.

"Mimi nilikuwa na surua. Ananiambia, lala, naenda kuchota maji, narudi. Nilikuwa na kiu." Akatoa jiwe jingine. "Sasa unaniambia iko Karagwe."

Mama hakuwahi kunieleza hilo. Alisema tu alibaki, kana kwamba mtoto wa miaka kumi ndiye aliyechagua kubaki. Nikajaribu kumtetea, nikasema walikuwa wanakimbia, mtoto mgonjwa asingeweza kubebwa, bibi alikuwapo wa kumtunza. Huenda yote yalikuwa kweli, na yote yalisikika vibaya. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa, kisha akanigeuzia mgongo. Mwenye nyumba akanipa ishara ya kutoka.

Nilirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Nilimpelekea sukari, akampa mwenye nyumba. Nilimtengenezea kitanda, akaendelea kulala kwenye mkeka. Nilikuwa nakaa mlangoni baada ya kazi nikiongea mwenyewe, namweleza Karagwe ilivyo, ndizi zake, baridi yake, mama anavyokoroma. Hakunifukuza na hakunijibu. Damu nzito kuliko maji, watu husema, lakini mimi naona damu inayokaa miaka thelathini na mitano bila kuguswa nayo inaganda. Siku nyingine nilimkasirikia waziwazi. Wewe una mtu mmoja tu aliyebaki duniani, nilimwambia, naye anakungoja, unataka nini? Akasema, "Nataka kulala." Nikaondoka kwa aibu. Nilianza kutunga kichwani namna ya kumrudia mama mikono mitupu, na kwa kila sentensi niliyotunga nilimwona akinishika kidevu.

Mama Video ndiye aliyemtoa ndani. Sijui alimwambia nini. Jumamosi moja niliingia bandani nikamkuta mama mdogo amekaa benchi la mbele, lile jipya nililolitengeneza, mikono mapajani, macho kwenye televisheni isiyowashwa. Nikakaa kando yake, nikaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Hakuniangalia.

Mama Video akatangaza kaptula nyekundu, sharubu na mzee. Filamu ikaanza. Mama mdogo alitazama kama mtu anayekagua nguo sokoni. Wakati wa ile sijida, mwalimu wa madrasa na mpinzani wake walipoanza ubishi wao, niliona kona ya mdomo wake ikisogea. Kijana alipoangushwa mara ya kwanza ulingoni alishika ukingo wa benchi. Alipoinuka, akauachia. Nikafikiri, angalau leo ametoka nje, angalau hilo.

Kisha ukafika usiku wa shamba la mpunga. Mzee anamenya tunda lake. Taa kwa mbali. Mama Video akainuka, kanga ikafunika kioo.

Miguu inakimbia. Mlango unapigwa.

Mama mdogo alianza kutetemeka. Lile benchi jipya lilitetemeka pamoja naye, nikalisikia kwenye mapaja yangu. Mzee wa Tailandi akasema neno lake, lile ambalo sote tulikuwa tunalijua kwa sauti bila kulijua maana. Mama mdogo akasimama.

"Toa," akasema.

Mama Video akamwambia kwa upole akae, inaisha sasa hivi.

"Toa hiyo nguo." Alikuwa anasema Kiswahili, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia. "Mimi nilikuwa juu ya dari. Nilisikia tu. Siku zote mimi nilisikia tu. Sitaki tena kusikia bila kuona."

Hakungoja. Alikwenda mwenyewe akaivuta kanga.

Sasa tukaona, sote, kwa mara ya kwanza. Watu wengine waliinamisha vichwa, mmoja alitoka nje. Mimi nilitazama kwa sababu yeye alitazama. Mapanga yalikuwa yanapanda na kushuka, na mtu yeyote angeona kwamba hayagusi kitu. Damu ilikuwa nyekundu ya rangi ya kupaka madirisha. Mzee akaanguka taratibu, akijichagulia mahali pa kuangukia, wabaya wakaondoka, na kamera ikabaki juu yake amelala chali na tunda lake pembeni. Ikakaa pale kwa muda mrefu ili tusikitike.

Mama mdogo alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Mwanga wa buluu ulikuwa usoni mwake.

"Huyu mzee iko anapumua," akasema.

Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya kifua cha yule mzee. "Tazameni. Hapa. Iko anapumua."

Kweli. Ukitazama vizuri, tumbo la yule mwigizaji masikini lilikuwa linapanda na kushuka. Alikuwa amejitahidi kubana pumzi, na wakamwacha muda mrefu kupita uwezo wake. Mtu mmoja nyuma yangu akarudia kwa Kinyarwanda, anapumua, na mwingine akalichukua, likatembea kutoka benchi hadi benchi. Mwalimu wa madrasa aliondoka mlangoni akaja mbele kuona. Watu walisimama, wakasogea, wakaijaza ile nafasi yote mbele ya televisheni, watu wazima, waliokuwapo na tusiokuwapo, tukamtazama mzee wa Tailandi anavuta pumzi. Mama Video alikuwa ameshika kanga yake kifuani, analia bila sauti.

Picha ikabadilika, ikaja kaburi. Watu wakarudi kukaa. Mama mdogo alirudi pia, na safari hii alikaa palepale penye nafasi niliyoiacha, akaniangalia. Aliniangalia kwa muda, nadhani alikuwa anatafuta uso fulani ndani ya uso wangu.

"Na dada yangu," akasema, "naye anapumua?"

"Anapumua, mama," nikamwambia. "Kifua kinamsumbua wakati wa baridi, lakini anapumua."

Akaitikia kwa kichwa. Akageukia televisheni, ambako kijana alikuwa amemaliza kulia na anafunga kamba mikononi.

"Mwambie aje mwenyewe," akasema. "Na maji alete."